Tabora, Mji wa Boma: Dhahabu Iliyohesabiwa na Watu Wasiohesabiwa

Katika nchi yetu iko miji iliyozaliwa na bandari, na iko iliyozaliwa na soko, na iko ambayo bunduki ndiyo iliyoikuza. Mji wa Tabora ulizaliwa na soko. Bunduki zikaja baadaye, zikakaa. Tangu mwaka 1893 mpaka mwaka 1964 majeshi manne yalipokezana mji ule: la Wajerumani, la Wabelgiji, la Waingereza, na mwisho la Tanganyika yenyewe. Nataka kueleza katika insha hii ni mambo gani ya majeshi hayo yaliyobaki katika kumbukumbu za watu, na ni yapi yaliyoachwa yapotee. Maana yaliyopotea ni mengi kuliko yaliyobaki, na sehemu kubwa ya hayo yaliyopotea ni mali yetu sisi.

Mtu asiseme, “Tabora ni mbali, yatuhusu nini?” Sisi wa Shinyanga, Kahama na Geita hatuwezi kuusoma mji ule kama mji wa wageni. Wanyamwezi na Wasukuma ni ndugu; hata jina letu latokana na lugha yao, maana sukuma ni kaskazini, na dakama ni kusini. Kabla ya reli ya Tabora na Mwanza kufunguliwa mwaka 1928, vijana wa huku walikwenda Tabora kwa miguu, wakapitia njia ile ile kurudi. Na hapa Kambarage, Shinyanga, twakaa mahali penye jina la mtu aliyesoma Tabora tangu mwaka 1937 mpaka 1942, akarudi kufundisha huko katika shule ya Mt. Maria mwaka 1946, kabla hajawa kiongozi wa nchi. Basi habari za Tabora ni habari za nyumbani.

Kabla ya majeshi hayo kufika, Unyanyembe ilikuwa njia panda ya misafara. Waarabu walijenga nyumba zao huko katikati ya karne ya 19, wakapanda miembe, na njia ya pembe ikatoka pwani ya Bagamoyo mpaka hapo, ikagawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kwenda kaskazini kwetu na Karagwe. David Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872, akingojea wapagazi na vitu vyake. Nchi ya Unyamwezi ilisifiwa kwa wapagazi wake. Kijana aliyekuwa hajapata kwenda pwani na kurudi hakuhesabiwa kuwa mtu mzima. Tukumbuke jambo hili, kwani hapo upagazi ulikuwa kazi ya heshima: mtu alikwenda kwa mapatano, akajua mshahara wake, akarudi na nguo kwa mama yake. Baadaye tutaona jinsi kazi ile ile ilivyogeuka kuwa msiba.

Wajerumani walitweka bendera yao Tabora mwaka 1890. Lakini mtemi wa Unyanyembe, Isike, hakukubali kutawaliwa. Alikuwa na ikulu yenye kuta nene, nao wakaishambulia mwaka 1892 wakashindwa. Mwezi wa Januari 1893 alikuja Tom von Prince, yule ambaye watu walimwita Bwana Sakarani, akaingia kwa nguvu. Isike alipoona kuta zimevunjwa, akaiwasha ghala yake ya baruti ili afe pamoja na nyumba yake. Wajerumani wakamkuta yu mahututi, wakamnyonga. Hivyo ndivyo ulivyokwisha uhuru wa Unyanyembe.

Nawaomba wasomaji waangalie maneno mawili. Nyumba ya Isike iliitwa ikulu, na ngome ambayo Wajerumani waliijenga baadaye juu ya kilima iliitwa boma. Ikulu ilivunjwa na boma likasimama. Walakini neno la mshindwa halikufa. Leo nyumba ya Rais wa nchi hii, Dar es Salaam na Dodoma, yaitwa Ikulu, na neno hilo lilitoka katika lugha zetu za Usukuma na Unyamwezi. Kuta zaweza kuvunjwa kwa mzinga, lakini neno lililo vinywani mwa watu halivunjiki vyepesi. Nitarudi kwa neno hili mwishoni, maana ndani yake limo shauri langu lote.

Boma la Tabora lilikuwa makao ya askari, mahali pa hukumu, na mahali pa kulipia kodi. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1898, rupia tatu kwa nyumba. Asiyekuwa na rupia alifanya kazi badala yake. Askari wa kwanza wa Wajerumani walitoka Sudani na nchi ya Kireno ya kusini, lakini baada ya miaka kupita Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema wakawa sehemu kubwa ya jeshi lile. Basi mtu aliyetumwa kijijini kudai kodi aliweza kuwa mtoto wa kijiji cha jirani, amevaa kofia na kushika bunduki. Ndiyo sababu kumbukumbu ya boma katika nyumba zetu haikuwa moja. Babu wa huyu alikuwa askari, akajivuna. Babu wa yule alichapwa na askari, akanyamaza. Wote wawili ni watu wa nchi hii.

Reli ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mara baada ya hapo, mwezi wa Agosti 1914, vita vya wazungu vikaanza Ulaya, vikaletwa na huku. Tabora ikawa mji mkuu wa Wajerumani wakati wa vita, maana serikali yao ilihamia bara kukimbia pwani. Waingereza waliokamatwa walifungwa huko, na pamoja nao wamisionari wa Kiingereza. Walimu Waafrika wa misheni hizo nao walishikwa, wakashukiwa kuwa wapelelezi, wakateswa kuliko wazungu wao. Kosa lao lilikuwa kujua kusoma na kuandika katika shule ya taifa lililo adui.

Wakati huo fedha kutoka Ulaya haikuweza kufika, kwa kuwa meli za Waingereza zilizuia bahari. Wajerumani wakaamua kufua fedha yao wenyewe katika karakana ya reli pale Tabora. Maganda ya risasi yaliyokwisha pigwa yakatumiwa kufulia sarafu za heller 20 na heller 5. Nayo dhahabu ikaletwa kutoka mgodi wa Sekenke, katika nchi ya Iramba, ikafuliwa sarafu za rupia 15. Upande mmoja zina tai wa Kijerumani, na upande wa pili ndovu ameinua mkonga, na nyuma yake mlima. Tarehe yake ni 1916. Leo wakusanyaji wa sarafu katika dunia nzima huzitafuta na kuzinunua kwa bei kubwa.

Sasa, wasomaji, sikilizeni hesabu. Sarafu zile za dhahabu zilizofuliwa Tabora zilikuwa 16,198. Za mtindo mmoja zilikuwa 6,395, na za mtindo wa pili 9,803. Zilifuliwa katikati ya vita, katika karakana ya magari ya moshi, adui yu njiani kutoka pande tatu. Na hata hivyo idadi ya kila sarafu yajulikana mpaka leo, haikupotea hata moja katika daftari. Watu wa Geita na Kahama waujua uzito wa dhahabu. Hawashangai mtu akiihesabu kwa uangalifu. Lakini na tuulize: watu waliobeba mizigo ya vita vile vile, mwaka ule ule, katika njia zile zile, walikuwa wangapi? Nani aliyewahesabu?

Kwanza tueleze vita vilivyopita kwetu. Mwezi wa Julai 1916, tarehe 14, Waingereza chini ya Crewe waliishika Mwanza. Halafu wakashuka kusini kupita Shinyanga, wakiifuata njia ya Tabora. Magharibi ya hapo jeshi la Wabelgiji la Kongo, likiongozwa na Jemadari Tombeur, lilikuja kwa mikono miwili: mmoja chini ya Molitor ulipita Biharamulo na nchi ya Ushirombo, ambako Mapadre Weupe walikuwa na misheni tangu mwaka 1891, wa pili chini ya Olsen ulitoka Kigoma ukifuata reli. Jemadari Wahle wa Wajerumani akajaribu kuwazuia. Mwezi wa Septemba palipigwa vita vikali Lulanguru na Itaga, karibu na Tabora, na tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia mjini. Waingereza wa Crewe walichelewa njiani kwa shida ya maji na ya wapagazi. Walipokaribia, Tabora ilikuwa imekwisha kushikwa.

Hivyo ndivyo vitabu vinavyosema, na kila jemadari ametajwa kwa jina lake. Bali jeshi halitembei kwa majemadari. Katika nchi hizi ng'ombe na farasi walikufa kwa ndorobo, na magari ya moto yalikuwa machache na njia hazikuwapo. Kila risasi, kila gunia la unga, kila chupa ya dawa, ilikwenda juu ya kichwa cha mtu. Wengi wasema tu, “Wapagazi walikuwa wengi,” wala hawafikiri kwa nini walikuwa wengi hivyo. Mimi ni mwalimu, na nitaomba ruhusa nifanye hesabu kama ile ya ubaoni.

Tuseme mpagazi mmoja achukua mzigo wa kilo 30 za unga. Tuseme posho yake ni kilo moja kwa siku. Nayo si nyingi kwa mtu abebaye mzigo tangu alfajiri. Akiupeleka unga huo kwa askari walio mwendo wa siku 5, atakula kilo 5 kwenda na kilo 5 kurudi. Kilo 20 zitawafikia askari. Akienda mwendo wa siku 10, atakula kilo 20 mwenyewe, na kilo 10 tu zitafika. Na akienda mwendo wa siku 15, atakula kilo 15 kwenda na 15 kurudi. Mzigo wote umekwisha, na askari hawakupata hata kibaba kimoja. Na kutoka Mwanza mpaka Tabora kwa miguu, mtu mwenye mzigo hakosi siku 15, huenda zikazidi.

Mwanafunzi ye yote wa darasa la nne aweza kuliona jambo hili. Sasa jeshi hufanyaje, ikiwa hesabu yakataa? Njia ni tatu tu. Ya kwanza, kuongeza wapagazi, na wapagazi wa kuwachukulia wapagazi chakula, mpaka kila askari mmoja ana watu kadhaa nyuma yake. Ya pili, kumpunguzia mpagazi posho, ale nusu, abebe mzigo mzima. Ya tatu, kuchukua chakula katika vijiji vya njiani. Majeshi yote, la Wajerumani, la Wabelgiji na la Waingereza, yalizifuata njia hizo zote tatu. Ya kwanza iliondoa wanaume mashambani wakati wa kulima. Ya pili iliwaua wapagazi kwa kuhara damu na homa ya mapafu. Ya tatu iliwaacha wanawake na watoto na maghala matupu. Katika Ugogo njaa iliyofuata iliitwa Mtunya, na jina hilo halijasahauliwa mpaka leo. Na mwisho wa vita, mwaka 1918, ikaja homa kuu ya mafua iliyoenea duniani, ikawakuta watu wamekwisha dhoofika.

Basi wapagazi walikuwa wangapi? Wanahistoria wakadiria kuwa upande wa Waingereza peke yake walitumika watu wapatao milioni moja katika Afrika Mashariki yote, na waliokufa hawakupungua 95,000. Wabelgiji walitumia zaidi ya watu 200,000. Upande wa Wajerumani vifo vya wapagazi havikuandikwa kwa utaratibu wo wote. Tazameni neno “wakadiria.” Sarafu hazikukadiriwa, sarafu zilihesabiwa. Watu ndio waliokadiriwa, kama mtu akadiriavyo mtama ulio shambani kabla ya kuvuna.

Nisidhaniwe kusema kwamba makarani wa siku zile hawakujua kuandika. Walijua sana. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilikuwa na daftari na namba, na jina lake la Kiingereza, Carrier Corps, lilikaa vinywani mwa watu hata likawa Kariakoo, jina la soko kubwa la Dar es Salaam mpaka leo. Wengi huenda Kariakoo kununua nguo wala hawajui kwamba walitaja jina la jeshi la wabeba mizigo. Lakini vita vilipokwisha, makaburi ya askari wa Ulaya yalipewa mawe yenye majina, kila mtu na jiwe lake. Kwa wapagazi iliamuliwa kwamba sanamu moja au mbili katika miji mikubwa zatosha. Dar es Salaam ilipata sanamu ya Askari mwaka 1927. Nairobi ilipata sanamu ambayo pamoja na askari yumo na mpagazi. Ni kazi nzuri za shaba. Lakini sanamu haina jina la baba wa mtu.

Mwaka 2021, baada ya miaka zaidi ya mia moja, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri jambo hili waziwazi na kuomba radhi. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika wa Mashariki na watu wa Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Kukiri ni jambo jema, nasi tunalipokea. Walakini tume haiwezi kuandika jina isilolijua. Jina hilo, kama liko mahali po pote, liko katika nyumba za Kahama, Nzega, Shinyanga, Maswa na Geita.

Iko habari nyingine isimuliwayo sana, ya Mwanza. Katika miaka ya 1960 serikali ya Ujerumani ya Magharibi iliamua kuwalipa wazee waliokuwa askari wake mishahara waliyokuwa wakidai tangu vita. Wazee wengi walikuja, wachache wakiwa na hati. Wengine hawakuwa na kitu ila makoti yaliyochakaa. Yasemwa kwamba mlipaji alimpa kila mzee fimbo ya ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani ashike silaha kama askari. Wala hakuna aliyeshindwa. Mwili ulikumbuka baada ya miaka karibu hamsini. Watu hucheka wakisimulia habari hii, nayo kweli yachekesha. Lakini fikirini: mpagazi angeonyesha nini? Askari alifundishwa kwata, mwili wake ukawa hati yake. Mpagazi hakufundishwa kitu ila kubeba. Na kubeba kila mtu ajua. Hakuwa na hati ya karatasi wala ya mwili. Hati yake ilikuwa kumbukumbu ya watoto wake tu.

Baada ya Wabelgiji, Tabora ilikabidhiwa kwa Waingereza, na jeshi la King's African Rifles likakaa huko. Mji ukapata shule kubwa ya serikali mwaka 1925. Vita vya pili vilipokuja mwaka 1939, watu wa Tanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini, wakapelekwa Uhabeshi, Madagaska, na mpaka Burma. Huko Burma, mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka katika bonde la Kabaw lenye mvua na malaria, na mwezi wa Desemba ikaushika mji wa Kalewa penye mto Chindwin. Vita vilipokwisha, kambi ya Tabora ikaitwa Kalewa, na kambi ya Dar es Salaam ikaitwa Colito, kwa jina la mahali pa vita katika Uhabeshi, mwaka 1941.

Majina hayo yalikuwa ya ushujaa wa kweli, na waliouonyesha walikuwa watu wetu. Lakini mama aliyeuza maziwa penye lango la kambi ya Tabora alilitaja jina la mji wa Burma kila siku, wala hakujua kwamba mwanawe au ndugu yake ndiye aliyelinunua jina lile kwa damu. Jina liliandikwa juu ya lango. Maana yake haikufundishwa mlangoni wala shuleni.

Mwaka 1964 majina hayo yakapata doa. Tarehe 20 Januari askari wa Colito waliasi, wakidai mshahara bora na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Siku ya pili wenzao wa Kalewa, Tabora, wakafuata. Serikali changa ya Rais Nyerere ilitikisika. Tarehe 25 Januari askari wa Uingereza walioitwa na serikali wakashuka Dar es Salaam kutoka katika manowari Centaur, na maasi yakazimwa. Kikosi cha Tabora nacho kikanyang'anywa silaha. Jeshi la zamani likavunjwa, na Jeshi la Wananchi likaundwa tarehe 1 Septemba 1964. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mrisho Sarakikya, mmoja wa maofisa Waafrika waliokuwa Tabora wakati wa maasi.

Ndipo majina yakabadilishwa. Colito ikawa Lugalo, mahali ambapo Wahehe waliwashinda Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891. Na Tabora leo iko kambi iitwayo Mirambo, kwa jina la mtemi wa Urambo aliyepigana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871 na kutawala mpaka alipokufa mwaka 1884. Mtu aweza kucheka kidogo, kwamba jina la adui wa Tabora limepewa kambi ya Tabora. Lakini jambo lenyewe ni jema: jeshi la wananchi limechukua majina ya wananchi.

Hata hivyo, tukitazama sana, twaona bado hatujafika mwisho wa kazi. Tumetoa jina la vita tukaweka jina la vita. Tumetoa jemadari tukaweka mtemi. Mpagazi bado yu nje ya lango. Wala si lazima tumlaumu mtu wa serikali kwa hilo. Serikali huandika majina ya wakuu, maana ndiyo inayoyajua. Jina la babu aliyekufa kwa kuhara damu katika njia ya Tabora serikali haikulijua kamwe. Mwenye kulijua ni ukoo.

Nasi wenye koo twafanya nini? Wazee wa zamani waliwataja watoto kwa mwaka wa vita na mwaka wa njaa. Hawakuwa na kalenda, bali walikuwa na kumbukumbu. Leo tuna kalenda ukutani, kumbukumbu imetutoka. Hakuna aliye hai sasa aliyebeba mzigo mwaka 1916. Waliopigana Burma wamekwisha karibu wote. Waliobaki ni wajukuu waliosikia habari kwa masikio yao, nao wenyewe ni wazee. Wakiondoka hao, hapatakuwa na wa kuulizwa, nayo hesabu itabaki kuwa ya kukadiria milele.

Kwa hiyo natoa shauri, nalo halina gharama ila ya daftari moja. Kila nyumba iulize mambo manne. La kwanza: ni nani katika ukoo wetu aliyechukuliwa katika vita vya kwanza au vya pili, na jina lake kamili lilikuwa nani, na la baba yake? La pili: alichukuliwa na jeshi gani, naye alikuwa askari au mpagazi? La tatu: alirudi? Kama hakurudi, habari yake ya mwisho ilitoka wapi? La nne: nani alilima shamba lake alipokuwa hayupo? Swali hili la nne watu hulisahau, nalo ni kubwa. Maana vita vilibebwa vichwani mwa wanaume, lakini nyumbani vilibebwa migongoni mwa wanawake. Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa, bila kuyapamba. Palipo na shaka iandikwe shaka. Na walimu wakusanye daftari hizo katika shule, watoto wayasome majina hayo kwa sauti kama wasomavyo majina ya wafalme.

Tumekwisha kuona kwamba ikulu ya Isike ilivunjwa, lakini neno ikulu likaishi, kwa sababu watu hawakuacha kulitamka. Majina ya watu hayana nguvu nyingine zaidi ya hiyo. Kati ya sarafu 16,198 za Tabora, nyingine zimetunzwa katika makabati ya kioo, nchi za mbali, na hesabu yake yajulikana. Aliyezibeba sanduku zake kutoka Sekenke alikuwa na jina, na jina hilo lilitamkwa na mama yake. Dhahabu ikipotea ardhini huweza kuchimbwa tena, kama watu wa Geita wajuavyo. Jina likipotea halina mgodi.